Ukizuiwa kuabudu shuleni au kazini: mwongozo kamili wa kutetea uhuru wa dini, wako na wa jirani yako

Wapendwa, naandika hii manake kila muhula ukianza simu yangu haitulii. Mzazi mmoja mtoto wake amerudishwa nyumbani sababu hakuingia darasani Jumamosi, mwingine ni askari wa usiku ameambiwa achague kanisa ama kazi, mwingine ni dada ameokoka juzi na kwao wamemtolea vyombo nje. Na karibu wote wananiuliza kitu kimoja, "mzee, hii si ni haki yetu?" Ndio ni haki yenu, lakini kuna njia ya kuidai, na ukiikosea njia utazunguka ofisi za watu mpaka viatu viishe soli.

Mimi ni mzee wa kanisa, Msabato, hapa Kenya. Binti yangu alikuwa kidato cha pili kwenye shule moja ya bweni, Ijumaa jua linakaribia kuzama akafunga vitabu, akakataa kwenda prepu ya jioni, akakaa kitandani na Biblia yake. Jumamosi akaitwa akapigishwa deki korido ya bweni zima, Jumatatu akapewa barua aende arudi na mzazi. Nilienda nimevimba. Nilisimama pale getini nikapaza sauti, nikamtaja Danieli na tundu la simba, nikamwambia diputi, yule naibu mwalimu mkuu, Mungu anamwona, na kila nilichosema kilikuwa kinatoka moyoni, lakini diputi akaniuliza swali moja tu: "Mzee, ombi lenu liko wapi?" Hatukuwa na ombi. Kwenye faili ya mtoto hakukuwa na karatasi hata moja inayosema ni Msabato, ile fomu ya kujiunga mahali pa dini tuliandika "Mkristo" basi. Kwa hiyo kwa rekodi za shule binti yangu alikuwa mtoro tu kama watoro wengine. Alikaa nyumbani wiki mbili. Tuliporudi mara ya pili tulikuwa na barua ya kurasa mbili, kopi mbili, na mambo yakaenda vingine kabisa.

Haya ya chini nimeyatoa hapo na kwa kesi nilizofuatilia baadaye.

KWANZA: Mkristo kudai haki si kukosa imani

Naanza na hii sababu nusu ya watu wanakwama hapa. Wanasema sisi tunaomba tu, Mungu atapigana. Tuombe, ndio, lakini fungua Matendo 22, Paulo ameshafungwa kamba tayari kuchapwa viboko, anamuuliza akida aliyesimama karibu kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Sura ya 25 anasema wazi, "Nataka rufani kwa Kaisari." Huyo ni mtume, amejaa Roho, na anajua haki yake ya uraia na anaitumia. Hakuona aibu.

Na hii habari ya uhuru wa dini si kitu tumeletewa na wazungu juzi. Mwaka 212 hivi, huko Kathago ambayo leo ni Tunisia, Mwafrika Mkristo anaitwa Tertullian alimwandikia gavana Scapula aliyekuwa anatesa kanisa, akamwambia ni haki ya kila binadamu kuabudu anavyoamini na kwamba si kazi ya dini kulazimisha dini. Ona, hakusema ni haki ya Wakristo, alisema ya binadamu. Ni kweli Wakristo wenyewe baadaye waliisahau hiyo, wakachoma watu na kufunga watu kwa ajili ya imani kwa karne nyingi, na lazima tukubali hilo tukitaka mtu atuamini leo. Kanisa Katoliki lilitoa tamko lake rasmi la kukubali uhuru wa dini wa kila mtu tarehe 7 Desemba 1965 kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Kabla ya hapo, kwenye Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 10 Desemba 1948, Ibara ya 18 ilipiganiwa sana na Charles Malik, Mkristo wa Lebanoni, hasa hayo maneno ya uhuru wa mtu kubadilisha dini yake. Saudi Arabia ilipinga hayo maneno. Na aliyesimama kuyatetea kwa kutumia Kurani ni Zafrulla Khan, Muislamu, waziri wa mambo ya nje wa Pakistan. Hilo jina likae kichwani, tutarudi kwa majirani zetu Waislamu.

HATUA YA 1: jua sheria yako kwa namba

Ukienda ofisini na "katiba inasema" utapotezewa wakati. Nenda na namba. Kwa Kenya, shika Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010, ina vipande vinne na kila kimoja kina kazi yake:

32(1) inakupa uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni.

32(2) inasema unaweza kuionyesha dini yako peke yako au na wenzako, hadharani au faraghani, kwa ibada, matendo, mafundisho, na imetaja kabisa kuadhimisha siku ya ibada. Haya maneno "siku ya ibada" ndio mkuki wetu Wasabato.

32(3) hutanyimwa kuingia taasisi, kazi, ama huduma yoyote kwa sababu ya imani yako.

32(4) hutalazimishwa kufanya kitu kilicho kinyume na imani yako.

Ongeza Ibara ya 27 ya ubaguzi, inayozuia ubaguzi wa moja kwa moja na ule wa kuzunguka. Wa kuzunguka ni kama sheria ya shule isiyotaja dini yoyote, "wanafunzi wote darasani Jumamosi", inaonekana sawa kwa wote lakini mzigo unamwangukia mtoto mmoja. Na Ibara ya 20 inasema haki hizi zinamfunga kila mtu, si serikali peke yake, kwa hiyo shule ya praiveti ikikwambia "sisi ni praiveti" usirudi nyuma.

Mko Tanzania, yenu ni Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977, na ni nzuri manake imetaja waziwazi uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake, ile ya Kenya haijaiandika hivyo. Pia inasema kueneza dini ni jambo huru na la hiari, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.

HATUA YA 2: jiulize kama kweli ni suala la imani, na kama umefika mpaka

Nisikilizeni vizuri hapa. Kuamini ndani ya moyo hakuna mtu anayeweza kukuwekea kikomo, lakini kutenda kunaweza kuwekewa. Kwa Kenya ni Ibara ya 24: kikomo lazima kiwe kwenye sheria, kiwe cha haki na cha lazima, na anayekiweka ndiye anayetakiwa kutoa sababu, si wewe. Afya, usalama, haki za wengine, hizo ni sababu za kweli. Tumeona Shakahola, Kilifi, 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu, na watoto walikuwemo. Hakuna uhuru wa dini unaofunika kitu kama hicho, na Mkristo anayetetea uhuru wa dini lazima awe wa kwanza kusema hivyo kwa sauti. Mtoto mgonjwa apelekwe hospitali. Mtu akija kwangu ati nimsaidie kuzuia mtoto wake asitibiwe, namwambia hapana.

Jiulize pia, hili ni fundisho la imani yangu kweli ama ni mapenzi yangu tu? Kutoenda mkutano wa wazazi sababu mchungaji amesema Jumanne ana maombi, hilo sidhani utalibeba mbali. Lakini si lazima kanisa zima liamini kama wewe, imani ya dhati ya mtu mmoja pia inalindwa. Kinachotakiwa ni iwe ya kweli na uiishi. Kama mtoto Jumamosi haingii darasani lakini anaenda kucheza mpira, barua yako imeshakufa kabla haijafika.

HATUA YA 3: daftari

Nunua daftari la kawaida, la kurasa 48 linatosha. Kila tukio andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, nani alisema nini kwa maneno yake, nani alikuwepo. Usiandike "walinidharau", andika "alisema: ukitaka Sabato nenda shule ya Sabato". Binti yangu aliandika hivi, ninayo mpaka leo: "Jumamosi, saa 3 na nusu asubuhi, bweni la chini, niliambiwa nideki kuanzia mlangoni mpaka bafu, matroni alikuwepo, ndoo ya bluu." Ile ndoo ya bluu niliona kama kitu cha kitoto, lakini kwenye kikao matroni alivyosomewa hapo alitikisa kichwa akakubali, yaani ukweli mdogo ndio unaobeba ule mkubwa.

Meseji za watsap piga skrinshoti na tarehe ionekane, alafu jitumie kwa imeli ili simu ikipotea zisipotee nazo. Barua zote weka kopi. Usirekodi watu kwa siri ukadhani umewashika, unaweza kujiletea kesi nyingine.

HATUA YA 4: barua ya ombi

Hii ndio hatua yenyewe. Kwa Kiingereza au Kiswahili, zote sawa, Kiswahili ni lugha rasmi kwa Ibara ya 7, usitishwe. Barua isiwe ya kulalamika, iwe ya kuomba mpango. Anayesoma ni binadamu ana ratiba, ana wanafunzi elfu moja, na ukimpelekea suluhisho mkononi umemrahisishia. Mfano huu nakili ubadilishe:

"Kwa Mwalimu Mkuu. YAH: OMBI LA KUADHIMISHA SABATO KWA MWANAFUNZI (jina, fomu, namba ya usajili).

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu. Familia yetu ni waumini wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Tunaadhimisha Sabato kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama, na katika muda huo hatufanyi masomo ya darasani wala kazi za kawaida.

Kwa kuzingatia Ibara ya 32(2) na 32(4) ya Katiba ya Kenya, naomba mwanangu aruhusiwe: (1) kutohudhuria prepu ya Ijumaa jioni na masomo ya Jumamosi, (2) kupata chumba cha ibada pamoja na wenzake chini ya mwalimu mtakayemchagua, (3) kufanya zamu yake ya usafi Jumapili asubuhi badala ya Jumamosi.

Mwanangu atafidia masomo hayo Jumapili na atafuata sheria nyingine zote za shule. Nimeambatisha barua ya kanisa. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Niko tayari kuja kuzungumza siku yoyote mtakayopanga."

Saini, tarehe, namba ya simu. Ile namba 3 usiiache, manake kila shule hofu yao ni moja, wengine watasema huyu anapendelewa, na ukionyesha mtoto habebi mzigo mwepesi kuliko wenzake umeitoa hiyo hofu.

Alafu peleka kopi mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wakupigie mhuri wa kupokelewa na tarehe. Kama sekretari anakataa mhuri, muombe aandike jina na tarehe kwa mkono, na akikataa hiyo pia tuma kwa posta ya rejista uweke risiti. Karatasi yenye mhuri ni tofauti kati ya "tuliomba" na "wanadai waliomba".

HATUA YA 5: kikao

Ukiitwa usiende peke yako na usiende na kundi. Watu watatu wanatosha: mzazi, mtu wa kanisa anayejua kuongea polepole, na mmoja wa kuandika. Mama ndiye aongee kwanza kama ndiye anayejua ratiba ya mtoto, sisi wanaume tunapenda kuanza na hotuba. Salimieni vizuri, shukuruni kwa walichofanya kwa mtoto, alafu nyoosheni kwenye yale mambo matatu ya barua. Wakisema "tukikuruhusu wewe kila mtu atataka", jibu ni kwamba kila ombi lipimwe lenyewe, na hata wengine wakiwa na imani ya kweli katiba ni ya kwao pia.

Na taja kesi. Kanisa letu lilienda mahakamani kwa ajili ya hii hii ya Jumamosi kwenye shule za serikali. Mahakama Kuu tulishindwa mwaka 2014. Tukakata rufaa, na Machi 2017 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na kanisa, kwamba wanafunzi Wasabato wawekewe utaratibu unaofaa wa kuadhimisha siku yao. Walimu wakuu wengi hawaijui hiyo hukumu, si kwamba ni wabaya, hakuna aliyewaambia. Piga kopi ya ukurasa wa mwisho uiache mezani kwa heshima.

Mkikubaliana, andikeni. Hata mistari mitano yenye saini mbili. Mwalimu mkuu atahamishwa mwaka ujao na mnaanza upya kama hakuna karatasi.

KAZINI mambo ni tofauti kidogo

Kazini usisubiri Jumamosi ya kwanza ndio useme. Sema siku ya kusaini mkataba, uiandike. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kifungu cha 5 inakataza ubaguzi wa dini, wa moja kwa moja na wa kuzunguka, na kifungu cha 46 kinasema dini si sababu halali ya kufukuza mtu. Lakini kipande kinachosaidia watu wengi zaidi ni kifungu cha 27: kila mfanyakazi ana siku moja ya kupumzika angalau kwa kila siku saba. Kwa hiyo yule askari wetu wa usiku hakuomba siku ya ziada, aliomba ile siku yake ya kupumzika ianze Ijumaa jioni, na akatafuta mwenzake Mkatoliki aliyefurahi sana kupata Jumapili yake. Walibadilishana, bosi akasaini rosta, hakuna kesi. Hivyo ndivyo nyingi zinavyoisha, ukitafuta mwenzako kabla ya kutafuta wakili.

Kama umefukuzwa, Tanzania una siku 30 tu kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku 60 kwa migogoro mingine ya kazi. Siku 30 zinaisha haraka mno watu wakiwa bado wanafunga na kuomba, pelekeni fomu huku mnafunga. Kenya ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, muda ni mrefu zaidi lakini usiulalie.

HATUA YA 6: ukikataliwa, panda ngazi moja moja

Barua ya pili iombe sababu za kukataa kwa maandishi, Ibara ya 47 inakupa hiyo haki. Nakala kwa bodi ya shule na ofisi ya elimu ya kaunti. Kama kuna waraka au sheria za shule wanazoficha, omba kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wana siku 21 kujibu. Bado kimya? Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, malalamiko ni bure, na kwa maonevu ya ofisi za umma kuna Tume ya Haki ya Utawala. Tanzania ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Mahakamani iwe mwisho. Lakini usiogope gharama ya kufungua, Ibara ya 22 inasema kufungua kesi ya kutetea haki za msingi hakulipishwi ada, na kanuni za 2013 zinaruhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida ama maneno ya mdomo ya mtu aliyeonewa. Na Ibara hiyohiyo inaruhusu mtu mwingine au chama kufungua kwa niaba yako, ndio maana kanisa liliweza kuwasimamia wale wanafunzi. Tanzania ni Mahakama Kuu kwa Ibara ya 30, ila marekebisho ya 2020 yanataka anayefungua aonyeshe jambo limemgusa yeye mwenyewe, kwa hiyo muathirika awe mbele, si kanisa.

Pata wakili hata wa msaada wa kisheria, manake utaratibu unaua kesi nzuri. Mfano ni ile ya Isiolo. Kanisa la Methodisti lilienda mahakamani kupinga wasichana Waislamu kuvaa hijabu kwenye shule ya sekondari inayofadhiliwa na kanisa hilo, St Paul's Kiwanjani. Mahakama Kuu kanisa likashinda 2015, Mahakama ya Rufaa 2016 ikawapa wasichana, alafu Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta ule ushindi kwa sababu dai la upande wa hijabu lililetwa kwa njia isiyo sahihi ndani ya kesi ya mwingine. Yaani wasichana walipoteza kwa sababu ya namna karatasi ilivyowasilishwa.

Nje ya nchi usikimbilie. Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ina kikomo cha miezi 2 tu cha kufungua kesi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha pia, mwaka 2017 iliona Kenya imevunja haki za Waogiek wa msitu wa Mau, ikiwemo haki yao ya dini, Ibara ya 8 ya Mkataba wa Afrika, lakini hiyo kesi ilipelekwa na Kamisheni ya Afrika baada ya miaka mingi, si mtu na bahasha yake.

ALIYEBADILI DINI

Hapa nendeni polepole jamani. Mtu akiokoka kutoka familia isiyokubali, kanisa linafurahi, linampiga picha, linamsimamisha mbele atoe ushuhuda, picha inaenda fesibuku usiku huohuo na asubuhi shangazi yake ameiona. Msifanye hivyo. Ushuhuda ni wake, siku yake ataichagua yeye. Muulizeni kwanza mambo haya: unalala wapi leo, kitambulisho chako na vyeti viko wapi, nani kati ya ndugu zako anakusikiliza. Yule dada wa vyombo nje, kitu cha kwanza tulichofanya ni kumtafuta mjomba wake aliyekuwa mpole, akaenda yeye kuchukua vyeti, sisi hatukuonekana pale. Kitisho cha kuuawa au kupigwa ni jinai, ripoti polisi uchukue namba ya OB (daftari lao la matukio), hiyo si ishu ya kifamilia.

Na tuseme upande wa pili bila kuzunguka. Kijana wa Kikristo akisilimu kwa hiari yake, akiwa mtu mzima, hatuna ruhusa ya kumfungia ndani, kumnyang'anya simu, wala kumpeleka "maombi" kwa nguvu. Inauma, najua wazazi wamelia mbele yangu. Lakini mlango uliowekwa na Ibara ya 18 ya lile Tamko la Ulimwengu unafunguka pande zote mbili, na sisi ndio tulioomba uwekwe.

KANISA LENYEWE lisiwape sababu

Kwa ufupi. Usajili uwe hai, hati ya kiwanja iwe na jina la kanisa na si la mchungaji, choo kiwepo, milango ifunguke kwa nje. Rwanda mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 ya Kigali yalifungwa, na sababu zilizotolewa zilikuwa majengo mabovu na kelele. Spika zenu zielekee ndani, kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinawapa mahali pa ibada desibeli 40 mchana na 35 usiku, hiyo ni sauti ndogo sana, kwa hiyo kesha la ampli mbili mpaka alfajiri si mateso ya kidini jirani akipiga simu.

Sheria mpya ikiletwa, toeni maoni kwa maandishi kabla haijapita. Hapa Kenya, Januari 2016 kanuni za kudhibiti taasisi za dini zilipopingwa na makanisa pamoja na Waislamu, serikali ilirudi nyuma kwenda kutafuta maoni upya. Pamoja, hapo ndipo nguvu ilipotoka.

HATUA YA MWISHO: mtetee asiyekuwa wa kwenu

Narudi Isiolo. Mimi nilisoma ile kesi na moyo ukaniuma, sababu kila hoja iliyotumika kuwazuia wale wasichana, kwamba sare ni sare, kwamba ukiruhusu mmoja utaruhusu wote, ni zilezile diputi aliniambia mimi kuhusu Sabato. Neno kwa neno. Huwezi kuisimamisha hoja dhidi ya jirani leo alafu ikusahau wewe kesho. Na Mathayo 7:12 haijaweka mipaka, "yo yote myatakayo mtendewe na watu, nanyi watendeeni vivyo hivyo".

Kwa vitendo iko hivi: kanisa liwe na mtu mmoja wa mambo ya uhuru wa dini, awe na faili ya barua za mfano, namba ya wakili mmoja, namba ya imamu wa msikiti wa karibu na namba ya padri. Wakutane hata mara mbili kwa mwaka, chai tu. Tatizo likitokea hawaanzi kutafutana.

Mwaka jana baba mmoja jirani yangu, Muislamu, mtoto wake wa fomu wani alikuwa ananyimwa kutoka kwenda swala ya Ijumaa. Alikuja jioni na kofia yake mkononi, akakaa pale barazani, nikaleta ile barua ya binti yangu. Tulifuta "Sabato" tukaandika "swala ya Ijumaa", tukafuta masaa tukaweka saa 7 hadi saa 8 mchana, barua ya kanisa ikawa barua ya msikiti, na fidia ya kipindi tukaiweka baada ya masomo siku hiyohiyo. Ibara ya 32 hatukuigusa. Aliuliza kama ni lazima kopi mbili, nikamwambia ndio baba, na mhuri usisahau.